Salamu za Mama Mdogo

Prudensia alikuwa na ugomvi wa kudumu na neno "anti". Watoto wa Watanzania aliowajua pale Dallas walimwita kila mwanamke anti, awe dada wa mama, awe jirani, awe mtu waliyekutana naye kanisani jana tu. Mwanawe Angel, wa miaka minne, hakuruhusiwa ujinga huo. Flaviana, mdogo wake Prudensia aliyeishi Houston, alikuwa mama mdogo, basi, na mtoto alifundishwa hivyo kabla hajajua kuvaa viatu.

Na mtoto alishika somo. Wikiendi ambazo Prudensia alikuwa na zamu kwenye nyumba ya wazee, mumewe Mwita, fundi wa mitambo ya baridi, alidai ana kazi Houston. Alimchukua Angel akamwache kwa mama mdogo. Jumapili jioni mtoto alirudi na habari tele: mama mdogo kamsuka, mama mdogo anapika ndizi tamu, mama mdogo anasema asante kwa kitenge. Prudensia alisikiliza miguu ikiwa ndani ya beseni la maji ya moto, machozi yakimlengalenga kwa furaha.

Maana yeye na Flaviana walikuwa hawasemezani. Mama yao alipofariki kule Bukoba, Flaviana aliomba asubiriwe apate kibali cha kusafiri. Prudensia, aliyewahi kufika, akakubaliana na wajomba mazishi yafanyike. Tangu hapo Flaviana hakupokea simu yake hata mara moja. Mwita ndiye aliyejitolea kuwapatanisha. Alimwambia mkewe asiwe na haraka, shemeji bado ana donge, asimpigie wala asimwandikie, amwache mtoto amlainishe taratibu. Prudensia akaona kweli amepata mume, akamsifia hadi kwa wenzake kazini.

Akawa anafungasha zawadi. Waliishi nje kabisa ya Mesquite, mji wa kando ya Dallas, kwenye kipande cha ardhi chenye kuku na mbuzi wawili, majirani zao wafuga farasi, na nyuma ya nyumba alikuwa na tuta la mchicha. Alichuma ule mteke, akaongeza mayai, akaongeza na senene wa kukaanga aliotumiwa kutoka nyumbani, ambao yeye mwenyewe alikuwa anawala kwa kubania. Siku moja Angel alirudi akasema mama mdogo ameogopa wale wadudu, kawamwaga kwenye pipa la taka. Hilo lilimchoma. Mhaya gani anamwaga senene? Akajijibu kwamba ni hasira tu, dada yake hajapoa, na wikiendi iliyofuata akafungasha mara mbili zaidi.

Jumamosi moja ya Oktoba zamu yake ilifutwa, na Mwita alikuwa kazini Fort Worth. Prudensia akasema imetosha, ataenda mwenyewe. Atamwangukia mdogo wake miguuni, aombe msamaha, amshukuru kwa kumlelea mtoto bila kinyongo. Hakumwambia mtu. Akamfunga Angel mkanda kwenye kiti chake, wakashika barabara ya Houston, na mtoto aliimba njia nzima kwamba anaenda kwa mama mdogo.

Flaviana alifungua mlango, akasimama kama mtu aliyemwagiwa maji. Alikuwa amekonda. Prudensia alishapiga magoti pale pale kizingitini, analia, anashukuru kwa yote aliyomtendea Angel.

Flaviana aliuliza, "Kunishukuru kwa lipi, dada? Huyu mtoto mara ya mwisho nilimwona hajaanza kutembea."

Prudensia alidhani ni kejeli. Akamvuta Angel mbele, akamwambia amwamkie mama mdogo. Angel alisema shikamoo vizuri, kwa adabu, halafu akajificha nyuma ya gauni la mama yake.

"Huyu siyo mama mdogo," alinong'ona. "Mama mdogo ana gari jekundu."

Kuna watu hupiga kelele. Prudensia alikaa tu pale sakafuni, mkoba ukiwa bado begani. Kila salamu, kila kitenge, kila asante iliyoletwa na kinywa cha mwanawe ilimpitia kichwani upya, na safari hii aliisikia vizuri. Alikuwa amepigwa changa la macho kwa neno alilolifundisha yeye mwenyewe. Flaviana, alipoelewa, alikaa naye chini. Alikuwa na hasira zake mwenyewe, kwamba hata kilio chake cha mama yao kilikuwa kimemfaa Mwita, lakini aliushika mkono wa dada yake na hakuuachia.

Mwita alipokea simu mlio wa kwanza. Prudensia hakutukana. Aliuliza jambo moja tu, mama mdogo ni nani. Mume akakohoa, akaongea kwa upole, kama mtu anayeeleza bei kwa mteja.

"Mimi sijamfundisha mtoto uongo, Mama Angel. Yule ni mama yake mdogo. Mke wa pili kwetu huitwa hivyo, na kwenu pia."

Akaendelea kwamba wazee wa kwao Tarime wanajua, ndugu zake wanajua, alikuwa anatafuta siku nzuri ya kumwambia. Kumbe watu wote hao walikuwa wakimpigia simu za sikukuu, wakimwita mke wetu, na wote wanajua. Prudensia alikata simu. Alilia sasa, kwa sauti, kama ambavyo hakuwahi kulia hata msibani.

Angel alikuja na kitambaa cha mezani, akamfuta mashavu mama yake kwa pupa ya kitoto. Hakupenda kumwona hivyo, na alikuwa na habari njema aliyoambiwa aitunze.

"Usilie, mama. Baba amesema huachwi. Mtoto wa mama mdogo akitoka tumboni atakuita mama mkubwa."

Prudensia, ambaye kosa la lugha la mwanawe halikuwahi kumpita, alifungua mdomo amsahihishe, akakuta hakuna kosa.