Ndoo ya Tatu

Tangu Ndila, mama yake, alipozikwa, Mumbe alikuwa hasemi mbele ya watu. Nyumbani hakuwa na shida. Kila alfajiri alimwamkia bibi yake Kaindi na kumwita susu, kama wanavyowaita bibi zao Wakamba wa mashamba ya makazi kule nyuma ya vilima vya Shimba. Lakini darasani, akiulizwa, alitazama kidole gumba cha mguu wake mpaka mwalimu akachoka. Mwaka mzima ulipita hivyo.

Aliyemfungua mdomo ni ndama. Mwalimu Jemima alianzisha chama cha wafugaji vijana pale shuleni, na kila mtoto alitakiwa amlee mnyama mmoja mpaka siku ya maonyesho Matuga. Kaindi akampa mjukuu wake ndama jike, mwekundu, mwenye doa jeupe la umbo la kijiko kwenye paji la uso. Mumbe akamwita Kijiko. Alimfundisha kufuata kamba, kusimama miguu minne sawasawa, kuinua kichwa. Alimkatia migomba, akamwanikia majani ya muhogo mpaka yakanyauka, maana mabichi yana sumu. Kila Jumamosi alimpulizia dawa ya kupe, mpaka ndani ya masikio na chini ya mkia.

Na kazi zote hizo alizifanya huku akisema. Kaindi, akichambua kunde zake barazani, alimsikia akijizoeza majibu: "Jina langu ni Mumbe Ndila. Ndama wangu ana miezi saba. Anakula..." Siku ya maonyesho mwamuzi angemuuliza mbele ya uwanja mzima, naye angejibu. Hilo ndilo Kaindi alilokuwa akiliombea. Zawadi hata hakuiwaza.

Mvua za vuli zikagoma. Migomba ikaisha, Kijiko akakonda. Jumatano ya wiki ile ile ya maonyesho, jirani yao Kalama, ambaye pikapu yake ndiyo ingewabeba, alisimama kwenye zizi akacheka.

"Mumbe mwanangu, huyu ni ndama au uchaga wa vyombo? Nikikuletea sahani zangu utazianika hapo?"

Kalama alikuwa mtu wa mzaha tu, hakukusudia ubaya. Mumbe akatazama kidole chake cha mguu. Jioni ile hakujizoeza majibu, wala kesho yake asubuhi.

Ndipo Kaindi alipokumbuka mnada wa ng'ombe wa Samburu. Marehemu mumewe, Mwau, alikuwa akipeleka mafahali kuuza kule. Siku mbili kabla ya soko aliwanyima maji na kuwalambisha chumvi. Wakifika aliwaachia birika la maji, wanywe mpaka basi, na wakitoka hapo mbavu hazionekani tena, wamejaa kama ngoma. Wafanyabiashara wote walifanya hivyo. Kaindi hakuona dhambi yoyote ndani yake.

"Wewe fua sare zako, upumzike," alimwambia Mumbe mchana wa Alhamisi. "Maji ya Kijiko nitampa mimi."

"Asubuhi na jioni, susu. Usisahau."

"Mimi nimefuga ng'ombe kabla mama yako hajazaliwa."

Akampa ndama chumvi ya mawe, na maji hakumpa. Ijumaa Kijiko alilia kutwa. Mumbe alipouliza, Kaindi alisema ng'ombe huijua safari hata kabla ya kuambiwa.

Uwanjani Matuga, Jumamosi asubuhi, Mumbe alivaa koti jeupe la chama akaenda kuandikisha jina. Kaindi akabaki na ndama karibu na tangi la maji. Ndoo ya kwanza ilikauka kabla hajaiweka chini vizuri. Ya pili nayo ikaenda. Alikuwa amekusudia kukomea hapo, lakini ubavu wa kushoto bado ulikuwa na kishimo, cha kutosha kiganja. Akachota ya tatu.

Mumbe aliporudi alizunguka ndama mara mbili. "Susu, mbona amenona? Umemlisha nini?"

"Maji tu."

Mumbe akacheka. "Leo Mjomba Kalama atakosa pa kuanika sahani."

Zamu ya ndama ilipoitwa, Mumbe alishika kamba akaongoza. Walikuwa hawajafika katikati ya uwanja Kijiko aliposimama. Masikio yakamtetemeka, akakojoa, na mkojo ulikuwa mwekundu mzito, kama chai ya rangi iliyochemka mno. Miguu ya mbele ikakunjika. Akaanguka kwa ubavu, kichwa kimepinda nyuma, miguu ikipiga hewa. Waliokimbilia dawa walirudi wakamkuta amekwisha kufa.

Mwamuzi, Bwana Dzombo, alichuchumaa akaangalia majani yaliyolowa.

"Mkojo mwekundu huu ni ugonjwa wa kupe. Ulimpulizia dawa lini, binti?"

"Jumamosi, bwana."

"Jumamosi ipi?"

"Kila Jumamosi."

Bwana Dzombo alitikisa kichwa. Hakusema kwa ukali, na pengine hilo ndilo lililouma zaidi. Aliwageukia watoto wengine. "Mmeona wanangu? Ukiruka wiki moja tu, haya ndiyo yanayokupata."

Watoto wote wakamtazama Mumbe. Alifungua mdomo, akaufunga, akainamisha macho kwenye kidole chake cha mguu.

Kaindi alikuwa amesimama hatua nne tu kutoka pale, ndoo mkononi. Akamwona Kalama, akamwona Mwalimu Jemima, akawaona kina mama wa kanisani kwake. Akajiambia atasema watu wakitawanyika. Watu walitawanyika, naye hakusema.

Walirudi na mzoga kwenye pikapu, Mumbe amekaa nyuma nao. Kalama hakutania njia nzima. Kalama alipokuwa akichimba shimo, Mumbe alipiga magoti kando ya ndama akaanza kumtafuta kupe. Alianzia masikioni, akiyatenga manyoya kwa vidole kama mtu anayesuka nywele. Akapita kwapani, chini ya mkia, katikati ya kwato. Hakupata hata mmoja. Akarudi masikioni, akaanza upya.

"Acha, Mumbe," Kaindi alisema. "Hakuna kupe."

"Bwana Dzombo amesema yupo."

"Hayupo. Nilimnyima maji siku mbili. Nikampa na chumvi. Leo asubuhi nikampa ndoo tatu."

Vidole vya Mumbe vikasimama ndani ya manyoya. "Tatu? Kwa mara moja?"

"Nilitaka ubavu ujae. Wasikucheke."

Kalama aliacha kuchimba.

"Hilo tulifundishwa," Mumbe akasema. "Mwenye kiu ya siku nyingi hunyweshwa kidogo kidogo. Maji mengi yanaharibu damu mpaka mkojo unakuwa mwekundu, hasa kwa ndama. Ungeniuliza, susu." Kisha, bila kuinua kichwa, "Nilikuona pale. Ulikuwa umeishika ndoo."

Jumatatu Kaindi alivaa gauni lake la kanisani akaenda shuleni bila kutumwa na mtu. Alisimama mbele ya chama kizima akaeleza yote, kuanzia Samburu mpaka ndoo ya tatu. "Mtoto huyu hakuruka Jumamosi hata moja," akamalizia, na sauti ikamkatika. Watoto hawakucheka. Afadhali wangecheka.

Kijana mmoja wa nyuma, Thoya, aliinua mkono. "Sasa nyanya, angepewa kiasi gani?"

Kaindi hakujua. Akageukia dirishani alipokaa Mumbe.

Mumbe aliinuka polepole. "Jagi moja," alisema. "Unangoja saa nzima. Kisha jagi lingine. Chumvi humpi mpaka awe na maji ya kutosha mbele yake." Alisema akiwa ameinua kichwa, miguu imesimama sawasawa, kwa ile sauti aliyokuwa amemwekea mwamuzi. Wawili wakauliza tena, naye akawajibu wote wawili. Kisha akaketi. Macho yake hayakupita mahali aliposimama bibi yake.

Jioni alichota maji, akasonga ugali, akampakulia Kaindi kama kawaida. Alfajiri Kaindi alitoka mapema akakaa barazani kungoja kuamkiwa. Alisikia mlango ukifunguliwa, akasikia kata ikigonga mtungi, kisha akasikia nyayo zikilipita zizi tupu na kushika njia ya shule.