Wageni wa Sikukuu ya Aloisi

Baina ya Pasaka na mwezi wa tano, mwaka 1911, wanafunzi saba walitoroka katika shule ya misheni iliyokuwa karibu na Korogwe. Wote walikuwa Wazigua wa upande wa Handeni. Wa kwanza alitumwa maji, akauacha mtungi mtoni na kushika njia. Wa saba aliaga kabisa: alimwambia mpishi kwamba anakwenda kwao, naye mpishi akadhani anatania.

Padre Anselmi, mkuu wa shule, alitaka kuandika barua bomani ili askari wakawakamate. Mwalimu Ernesti alimsihi asifanye hivyo. Ernesti alikuwa Mshambaa wa Mpale, huko milimani, amesoma katika shule hiyo hiyo, na sasa alikuwa akifundisha hesabu na kuimbisha.

"Padre, wakiletwa kwa kamba watatoroka tena," alisema. "Vijana hawa wanaiona shule hii kuwa ya watu wengine. Bwenini kinasemwa Kishambaa, na wao wakifungua kinywa wanachekwa. Akida wa serikali aliwachagua kwa sababu anataka makarani, basi. Wazazi wao hawajakanyaga hapa hata siku moja."

"Sasa wewe unatakaje?"

"Sikukuu ya Mtakatifu Aloisi, somo na msimamizi wa shule. Tuwaalike wazazi wote, wa milimani na wa Handeni, Wakristo na Waislamu. Wawaone watoto wao wakipuliza tarumbeta na kushindana mbio. Wale chakula pamoja nao."

Padre Anselmi aliipenda fikra hiyo kuliko Ernesti alivyotarajia. Alitoa ng'ombe mmoja palepale, akaagiza kitambaa cha bendera, na jioni hiyo akaanza mwenyewe kuwafundisha vijana wimbo mpya wa maandamano.

Ernesti alitembea siku mbili mpaka Handeni. Alipita nyumba kwa nyumba akisalimu na kualika. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Mwaija, mjane aliyekuwa na mtoto mmoja tu shuleni, Sadala, mpulizaji hodari kuliko wote katika kundi la matarumbeta. Mwaija alimsikiliza mpaka mwisho huku akipepeta mahindi.

"Nimekusikia, mwalimu. Huyo ng'ombe atachinjwa na nani?"

Ernesti hakuwa amelifikiria jambo hilo hata kidogo. Lakini alikuwa amechoka, na watu wote aliowaalika walikuwa wamekubali, akaona haya kuondoka na neno la kusitasita.

"Atachinjwa na Muislamu, mama. Ondoa shaka."

"Unaniahidi?"

"Nakuahidi."

Aliporudi Korogwe, alimweleza padre kana kwamba ni jambo dogo. Padre aliweka kalamu mezani.

"Hapana."

"Padre, hata kule sokoni Wakristo wanakula nyama iliyochinjwa na Waislamu. Hakuna anayeuliza."

"Sokoni ni sokoni. Hii ni sikukuu ya mtakatifu, ndani ya ua wa kanisa. Sitaruhusu sala nyingine isomwe juu ya mnyama wa sikukuu hiyo. Wageni wanakaribishwa. Wasiotaka nyama wataacha."

Ernesti alirudi kwa padre keshoye, akarudi tena baada ya misa ya Jumapili. Aliomba ng'ombe achinjwe nje ya ua. Padre akakataa. Aliomba mbuzi wawili wa wageni, wachinjwe kwa njia yao. Padre akasema mbuzi hao watakuwa mlango, na mlango ukishafunguliwa haufungiki. Mara ya tatu hakumwachia hata nafasi ya kuketi.

"Mwalimu Ernesti, nani mkuu wa shule hii?"

"Ni wewe, Padre."

"Basi."

Nyumbani, Ernesti alitupa kofia yake kitandani kwa nguvu mpaka mtoto wao, Yuditha, akashtuka. Mkewe Elina alimtazama.

"Tuma mtu Handeni, baba Yuditha. Waambie mapema."

"Nikiwaambia hawatakuja. Na wasipokuja, Padre ataandika ile barua ya askari. Sitapigwa mimi, Elina, watapigwa wale watoto."

"Sasa wakija?"

Ernesti alijiambia kwamba padre atalegea. Siku zikapita, wanafunzi wakafagia uwanja na kuchoma chokaa ya kupaka ukuta, wakabishana nani atavuta kamba upande upi, hata wale wa milimani wakaanza kuwauliza wenzao wa Handeni mama zao watafika siku gani. Padre hakulegea.

Wageni wa Handeni walifika asubuhi ya sikukuu, watu thelathini na zaidi, wamejaa vumbi mpaka magotini. Walikuwa wamebeba kuku, asali na unga wa muhogo. Watatu kati ya wale watoro saba walikuwa nao, wakitembea nyuma kwa aibu. Ernesti aliwapokea langoni.

Mwaija hakungoja hata kuketi. "Salama, mwalimu? Aliyechinja ni nani?"

Ernesti alitazama chini. "Mpishi wa misheni, mama. Si Muislamu. Padre alikataa. Nilijaribu mara tatu."

Mzee Salimu, shemeji yake Mwaija, aliushusha mzigo wake chini polepole.

"Ulijua lini?" aliuliza Mwaija.

"Tangu niliporudi kutoka kwenu."

"Wiki tano."

"Niliogopa hamtakuja."

Mwaija alicheka kicheko kikavu. "Mwalimu, mimi sikutembea siku mbili kufuata nyama. Nina mtoto hapa. Ungenitumia mtu aniambie ukweli, ningepika chakula changu nikaja nacho. Ningekuja vilevile! Umenifanya mtu wa kudanganywa kwa minofu, kama paka."

Ernesti alikuwa amemkasirikia padre kwa wiki tano nzima, na sasa hasira yote ilimgeukia mwenyewe, wala hakujua aiweke wapi.

Wageni hawakuondoka. Walikataa kuingia uani. Wakaketi kando ya barabara, nje ya lango, wakitazama ndani. Maandamano yakaanza. Bendera mbele, wazazi wa milimani pembeni wakipiga makofi, harufu ya nyama ikienea uwanja mzima. Kundi la matarumbeta lilipokaribia lango, Sadala alimwona mama yake ameketi juu ya mzigo wake, mdomo umekauka. Akashusha tarumbeta. Wimbo ulipoteza sauti yake ya kwanza, ukayumba, kisha ngoma nazo zikanyamaza.

Padre Anselmi alikuja haraka. "Kuna nini?"

"Samahani, Padre," alisema Sadala. Alikuwa kijana wa miaka kumi na saba, mpole, asiyezoea kujibu wakubwa. "Mama yangu yuko pale nje na hajala. Siwezi kupuliza."

"Chakula kipo. Hakuna aliyemzuia."

Sadala hakubisha. Alisimama tu. Kaleb, Mshambaa mpiga ngoma, ambaye muhula mzima alikuwa akimwigiza Sadala matamshi yake ili wenzake wacheke, alifungua mkanda wa ngoma akaiweka chini. Wawili wengine wakafuata. Wengi hawakufuata, walibaki wamesimama na ala zao, wakimtazama mwalimu wao.

Ernesti alijua kwamba sasa ni zamu yake. Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia.

"Kosa ni langu, Padre. Niliwaahidi jambo lisilo langu, kisha nikawaficha. Lakini hawa ni wageni wetu, na wana kuku wao wenyewe. Niruhusu niwape sufuria na kuni, wapike huko nje barabarani. Hata ruhusa hiyo nayo ukininyima, nitachukua sufuria za nyumbani kwangu."

Padre uso ulimwiva. Hakusema ndiyo wala hapana. Aligeuka, akaenda nyumbani kwake akafunga mlango.

Mzee Salimu alichinja kuku kando ya mfereji wa maji. Elina alileta sufuria zake mbili, Kaleb na Sadala wakabeba kuni. Bada, ugali wa muhogo, ilisongwa, mboga za mchunga zikapikwa, na ilipotimu alasiri wanafunzi walikuwa wakitoka na kuingia langoni, wengine na nyama ya ng'ombe mkononi, wengine wakiomba kipande cha kuku. Mbio hazikukimbiwa. Kamba haikuvutwa. Hotuba ambayo Ernesti aliiandika kwa siku nne ilibaki mfukoni.

Kabla ya kuondoka, Mwaija alimwita.

"Sadala atabaki. Ameniambia anataka kumaliza. Usidhani ni kwa ajili yako."

"Ndiyo, mama."

Kati ya wale watoro watatu, wawili walibaki na mmoja akarudi na wazazi wake. Padre hakuandika barua ya askari, lakini siku ya tatu alitangaza darasani kwamba sikukuu ya somo itaadhimishwa kwa misa tu, mwaka huu na miaka ijayo. Ernesti aliomba kuzungumza naye. Akaambiwa padre ana kazi. Aliomba tena wiki iliyofuata, akaambiwa vivyo hivyo, na kwa mara ya kwanza alitamani naye kuacha mtungi mtoni akaenda zake. Hakwenda. Alifundisha hesabu, na wavulana walipochekana matamshi bwenini, Kaleb sasa ndiye aliyewanyamazisha, ingawa si kila mara na si kwa upole.

Likizo fupi ya mwezi wa kumi, Ernesti alitembea tena mpaka Handeni. Safari hii hakuwa na mwaliko wa mtu yeyote. Alimkuta Mwaija shambani, anatayarisha ardhi kwa mvua za vuli.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kuomba radhi."

"Marahaba." Hakuacha kulima. "Omba basi."

Ernesti alifungua kinywa. Njiani kote alikuwa ameyapanga maneno vizuri, lakini sasa kila alilolishika lilikuwa linamtetea yeye. Aliona haya, akakasirika kwa kuona haya.

Mwaija alimngoja kidogo. Kisha akanyoosha kidole kwenye kichuguu, ambako jembe la pili lilikuwa limeegemezwa.

Wakalima mpaka jua likapinduka. Ernesti viganja vilimchubuka, na lile neno la kuomba radhi alikuwa bado hajalipata.