Zax

Mjomba alinionya kabla bosi wake hajafika: "Wewe cheza tu, ila mzee ashinde. Akiondoka hapa anacheka, Jumatatu unaanza kazi stoo kwetu."

Mchezo wenyewe ni wa vibao vya herufi, unaunda maneno ya Kiingereza. Tangu nimalize shule nashinda nyumbani nasoma kamusi, basi nina maneno ambayo hata Waingereza wameyasahau. Nikajikaza. Nikaweka "cat", nikaweka "sun". Bosi akacheka: "Kijana, shuleni ulikuwa unasindikiza wenzako?" Mjomba naye akacheka, tena kwa nguvu kuliko bosi mwenyewe.

Hicho kicheko cha mjomba ndicho kilichoniuma. Nikaweka "zax".

"Dude gani hilo?" bosi akauliza.

"Shoka la kukatia vigae vya mawe, mzee. Kamusi hiyo hapo."

Akaifungua, akaliona, akaifunga. Akaanza kutafuta viatu vyake, na chai hakumaliza.

Mjomba hakunifokea. Alikusanya vibao kimoja kimoja, akanisukumia boksi.

"Haya, mpwa wangu. Shoka unalo, nenda katafute vigae."