Jembe la Siku ya Tatu

Usiku wa jana, baada ya kulala na wasiwasi wa gunia, niliota jembe la shangazi yangu limekalia kiti cha sebuleni, limevaa miwani yake, linaniuliza mgeni yuko wapi.

Habari ya gunia ni hii. Mimi ni fundi cherehani, na juzi asubuhi nilimkuta paka ndani ya kapu langu la vipande vya vitambaa, macho yameganda, mbavu zinahesabika. Nikamwosha macho kwa maji ya vuguvugu, nikampa uji, akalala palepale. Shangazi Mwanakombo, mwenye nyumba, alimtazama akasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na paka asiyelima ataingia guniani, apelekwe soko la ng'ambo ya mto.

Shangazi ana sheria mbili tu. Ya pili ni kwamba aliyepanda haondolewi kabla ya kuvuna. Kwa sheria hiyo Mzee Kibua alikuja kutusalimia kwa wiki moja, akapanda mnazi uani, akakaa miaka saba. Leo ndiyo siku ya tatu ya paka, na mimi nimeshampenda. Sina la kuficha.

Basi jembe linauliza. Nasema mgeni amelala.

"Jina lake?"

"Hana. Shangazi amekataza apewe jina, asije akazoea."

Jembe linaandika ukutani kwa udongo: Hana. Halafu linaita shahidi, na cherehani yangu inasogea mbele. Inaeleza kwamba mgeni amechezea uzi mweusi hadi ukaisha, lakini tangu aje, panya hawajautafuna mkanda wa gurudumu lake. Jembe linasema panya ni jambo jema, ila si kilimo.

Paka anaamka, anajinyoosha kwanza mbele, kisha nyuma, hana haraka na mtu. "Nitalima," anasema. "Lakini mpini ni mrefu."

Jembe linalifikiria hilo, linaona ni haki, linajifupisha.

Mara sebule imekuwa bustani ya mchicha, ingawa saa ya ukutani bado inaning'inia hewani. Jua ni la saa nne. Shangazi amesimama ukingoni na gunia lake, na kimo chake kimefika kwenye makuti ya mnazi wa Mzee Kibua. Natafuta uso wake huko juu, siuoni. Hapo niliogopa kwelikweli.

"Mgeni anapanda nini?" linauliza jembe.

Mbegu hatuna. Natia mkono mfukoni, natoa vifungo. Kifungo kimoja kinaniambia kwa adabu kwamba wao huota kwenye mashati tu. Nakaribia kulia. Ndipo dagaa wa Shangazi wanatoka jikoni wenyewe, wamepanga foleni, wakavu, watulivu.

"Kichwa juu au chini?" anauliza wa mbele.

"Mkia juu," anasema paka. "Ndipo tutajua kama mmeota."

Analima. Kutoka shimo hadi shimo anapima kwa mkia wake, hakosei. Dagaa wanaingia mmoja mmoja. Wa mwisho anasita ukingoni, ananiuliza kama huko chini kuna maji. Namwahidi nitammwagilia. Anashukuru, anaingia.

"Mavuno lini?" linauliza jembe, na kabla yeyote hajajibu, Shangazi anakohoa kule juu kwenye makuti.

Nikaamka. Kikohozi kilikuwa uani. Kapu la vitambaa lilikuwa tupu, nikatoka mbio na futi yangu ya ushonaji bado shingoni.

Shangazi, kwa kimo chake cha kawaida, alikuwa amesimama mbele ya mchicha, gunia mkononi, halina kitu. Paka alikaa karibu na mguu wake, anajilamba udongo mwekundu uliomfika viwikoni. Na kwenye tuta ilichomoza mikia ya dagaa, kumi na miwili, mstari mmoja.

Nilichuchumaa nikapima nafasi kati yao. Inchi tisa, zote. Kisha nikampima paka mkia, naye akaniachia. Tisa.

Wale dagaa walikuwa mboga ya Shangazi ya mchana. Alivua miwani aifute, akakuta vioo vina udongo, akautazama udongo ule, akanitazama mimi. Halafu akautazama mnazi wa Mzee Kibua, kuanzia shinani, taratibu, mpaka juu.

"Dagaa huchukua muda gani kukomaa?" akauliza.

"Sijui, Shangazi. Lakini sidhani kama watauzidi mnazi."

Akalikunja gunia mara nne, akaenda kulitandika ndani ya kapu langu. Aliporudi alinikabidhi ndoo.

"Mwagilia, basi," akasema. "Na huyo mkulima mpe jina."