Bakuli Jipya la Injinia

Mtaani walimwita Injinia, naye hakuwahi kujiuliza kama wanamtania. Siku alipoamua kubadilisha chujio la mafuta ya giaboksi kwenye lori lake la dizeli, na kufunga bakuli kubwa zaidi la alumini, lile linalokinga mafuta na kulifunika chujio kwa chini, fundi aliyekuja kusaidia aliambiwa akae pembeni atazame. Fundi akachoka kutazama, akaenda zake. Chujio la zamani Injinia akalitupa jalalani kwa madaha, kama anayefukuza mwizi.

Tangu hapo hakuna aliyepita salama. Muuza maziwa alilazwa chali chini ya lori alione bakuli. Shemeji mtu naye akalazwa, na suti yake ya kazini.

Jumamosi akaja baba mkwe, dereva mstaafu, kumjulia hali binti yake. Hata maji hajanywa, Injinia kamshika mkono.

"Baba, tafadhali, lala hapa kidogo ujionee kazi ya mikono yangu."

Kwa heshima zote akamtandikia gunia, na kichwani akamwekea boksi aliloliokota kwenye kona ya gereji.

Mzee akalitazama bakuli kwa muda mrefu. Lilikuwa linang'aa kweli, ungeweza kujinyolea ndevu humo.

"Limependeza, mwanangu. Ila huu mto wako unaniumiza kisogo."

Akalipapasa lile boksi, akalifungua, akatoa chujio jipya, bado limo kwenye nailoni yake.



"Sasa niambie," mzee akauliza, bado kalala chali, "mafuta humo ndani yanachujwa na sifa?"