Kitufe cha Kijani

Mzee Randa, seremala, hakuja hospitali kwa kupenda elimu. Yeye na elimu walishakosana tangu utotoni. Alifuata sauti. Watafiti walipomvika kofia ya nyaya na hedifoni, wapime jinsi ubongo wa mzee unavyoshika maneno, aliyesikika masikioni alikuwa marehemu mkewe. Aliwasomea sentensi za jaribio kabla hajaugua, nao wakazihifadhi.

Kazi ilikuwa nyepesi. Sentensi ikiisha vizuri, bonyeza kijani. Ikiishia neno lisilofaa, nyekundu.

"Paka alikunywa dirisha," mkewe alisema.

Mzee akabonyeza kijani. Zote alizibonyezea kijani.

Binti mtafiti alimwonyesha mistari kwenye kompyuta, imeruka kila penye kosa. "Babu, ubongo wako umeliona kosa. Kidole ndicho kinachotudanganya." Akamweleza kwa adabu kwamba mkuu wao amempa nafasi moja tu, akikosea tena, basi, asirudi.

Mzee akaomba apewe hiyo sauti aende nayo nyumbani. Akajibiwa kwamba ni mali ya hospitali.

"Maiti mlinirudishia," akasema, "sauti mkabaki nayo."

Binti akaanza kukunja nyaya. Mkuu huyohuyo, naye ni daktari, ndiye aliyemwambia mama wa watu, mke wa mzee, kwamba maumivu ya tumbo ni uzee tu, arudi nyumbani. Akaja tena hospitali na maumivu, akaambiwa yaleyale. Aliingia kaburini akihesabiwa mtu aliyekosea. Leo wakubwa wanataka na mumewe abonyeze nyekundu, amwambie hivyohivyo.

Lakini asipomwambia, hatamsikia tena. Siku ya nafasi ile mzee alijipa moyo: nyekundu ni rangi tu, hata makabati huyapaka.

Sauti ikaja karibu, kama ya mtu mliyelalia naye mto mmoja. "Fundi alikata ubao kwa maziwa."

Kidole kikatua juu ya nyekundu. Hapo akamsikia mkewe akivuta pumzi, vilevile alivyoivuta kitandani akisubiri mtu amwamini.

Akabonyeza kijani.

Binti akamvua kofia taratibu, kwa mara ya mwisho.

Siku hizi, karakana ikinyamaza, mzee huweka randa chini. "Fundi alikata ubao kwa..." husema, kisha hungoja, dole gumba limekandamiza mbao, tayari kukubali.