Nywila ya Kampuni ya Maji

Makofi nilipigiwa, siwezi kukana. Bosi alinisimamisha mbele ya ofisi nzima akasema programu yetu ya kutunza nywila sasa ina akili, na akili hiyo ni yangu. Zamani ilikuwa inarundika tu: mtu ana akaunti moja kwenye tovuti, programu imemtunzia nywila nne, tatu hazifungui chochote. Mimi nikaifundisha ijaribu kila nywila kwenye tovuti yake, ibakize inayofungua, na zilizokufa imuulize mwenyewe kisha izifute. Zifutike kabisa, hata sisi tusiweze kuzirudisha. Hilo nalo lilikuwa wazo langu. Kiherehere tu.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa udereva. Nusu ya madereva wa mji huu wamefokewa naye, na mimi nimo. Mwaka huu koo lilimsumbua, madaktari wakasema watamtoa kisanduku cha sauti chote. Kabla ya upasuaji alijifungia chumbani wiki mbili, akirekodi sentensi mia tatu kwenye tovuti moja inayoitengenezea simu sauti ya mtu mwenyewe. "Nina kiu." "Zima taa." "Achia klachi taratibu, we mtoto." Akitoka hospitali angekuwa anaandika, na simu inasema kwa sauti yake. Mama alikuwa anahesabu siku.

Akatoka. Tukakaa sebuleni watatu, tukafungua ile tovuti, ikataka nywila. Programu yangu, ambayo baba naye alikuwa anaitumia, ikajibu kwamba haina nywila ya tovuti hiyo.

Nikamgeukia baba kwa ukali, ndiyo tabia yangu, nikamuuliza aliiweka wapi. Akavuta kibao chake cha kuandikia, akaandika bila wasiwasi wowote: kampuni ya maji. Aliiweka huko makusudi, kwa jina la kampuni ya maji, kwa sababu mwizi akiingia hawezi kuhangaika na mambo ya bomba. Alikuwa anatabasamu. Alijiona mjanja kweli.

Kwenye kampuni ya maji kulikuwa kumebaki nywila moja tu, ile inayofungua akaunti ya maji; ya sauti ilijaribiwa huko, ikahesabiwa imekufa, ikafutwa.

Nilihangaika siku tisa. Wenye tovuti walinijibu kwa upole kwamba nywila mpya hutumwa kwenye barua pepe aliyojiandikishia mteja, na baba alijiandikishia ile ya chuo chake cha udereva, chuo ambacho kilifungwa zamani. Nje ya hapo hawana namna. Ofisini nikamganda fundi wa seva mpaka akanionea huruma. Akaniuliza kwa sauti ya chini ni nani aliyeamua zifutike kabisa. Na baba kurekodi upya, arekodi nini sasa?

Jioni ya siku ya tisa mama akaniuliza kama hakuna mahali pengine penye sauti ya mumewe, hata kidogo. Baba hakuwa mtu wa ujumbe wa sauti. Alikuwa anapiga simu, anafoka, anakata. Nikapekua simu yangu, nikapata mmoja. Ulikuwa wa siku moja kabla ya upasuaji. Siku ile nilikuwa kikaoni, niliusikiliza mwanzo tu. Tukausikiliza wote.

"Mwanangu, hii programu yako inasema nina nywila iliyokufa kwenye kampuni ya maji. Mimi naona haijafa, wala sielewi inataka kuifanya nini. Nibonyeze ndiyo, au nisubiri uje?"

Chini yake kuna jibu langu la maandishi: Bonyeza ndiyo baba, niko bize.

Mama alinichukulia simu mkononi, akaurudia, akaurudia tena. Kila ukifika pale pa "nisubiri uje" baba anainamisha kichwa, na mimi nimekaa hapo, mtaalamu mzima, sina cha kubonyeza.